Pahali pa Okito

Pikipiki ilizimwa pale barabara ilipokwisha na mto ukaanza. Ilikuwa siku yao ya pili njiani kutoka Kampene, watatu juu ya pikipiki moja: dereva, Kanyinda, na nyuma kabisa msafiri mmoja ambaye alikuwa hajawahi kuiona Kindu. Kwa msafiri huyo mji ulikuwa kitu cha ng'ambo tu: mabati yenye kutu, minara ya simu, moshi wa asubuhi juu ya ukingo, na maji ya rangi ya chai yakipita katikati bila haraka. Kanyinda hakuutazama mji. Alishuka, akanyoosha magoti, akafungua mfuko wa plastiki uliokuwa na suti yake, akahakikisha suti imo, akaufunga tena. Tangu walipopita Kalima alikuwa amefanya hivyo mara tano.

Djuma, mwenye mtumbwi wa injini, alimwona.

"Papa, na suti hiyo! Unaenda kuoa wewe mwenyewe ao?"

"Naenda kumuolesha majina wangu."

"Majina! Basi wewe njo mukubwa wa siku. Utakula mapaja ya kuku mpaka uombe huruma." Djuma akawageukia abiria. "Mumupishe huyu, musimuchafulie suruali."

Watu walicheka, wakampisha kwenye ubao, na pikipiki ikapakiwa nyuma. Kanyinda naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Katika mji ule, mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, wawili hao huitana majina mpaka mmoja azikwe. Mkubwa anakuwa mzazi wa pili. Mdogo akiugua, anaitwa. Akifaulu shule, anaitwa. Akioa, anaitwa kabla ya wajomba. Na mtu akiitwa na majina wake hasemi ana kazi. Kijana aliyemwita Kanyinda alikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa simu na redio, na alikuwa amepiga simu wiki moja nyuma huku anacheka kwa furaha: "Majina, siku ya posho ya wiki inayokuja tunapeleka mahari. Wewe njo utasimama pahali pa baba."

Baba wa kijana aliitwa Okito. Alitoweka wakati wa vita, miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Watu wote wa mtaa waliamini kwamba Kanyinda alivunjwa mfupa kwa kumtetea. Ukweli ni kwamba Kanyinda ndiye aliyemtoa kwa waliomchukua.

Sasa alikuwa anavuka mto kwenda kuusema, na hakuwa na hakika kama miguu yake ingemfikisha.

*

Wazazi wa Kanyinda walikuja kutoka Kasai na reli, na yeye alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, ambako watoto walijua saa kwa king'ora cha karakana. Alipokuwa mtu mzima aliingia kikosi cha njia: watu wanaotembea juu ya mataruma yanayobeba reli wakiwa na nyundo ya mpini mrefu, wanagonga, wanasikiliza, wanakaza. Mtu wa kikosi cha njia anajua reli kwa sikio. Skrubu iliyolegea ina sauti yake, na ukishaisikia huwezi kujifanya hukuisikia.

Okito alikuwa jirani yake, fundi wa baiskeli, mtu wa huku huku, aliyekua akitega mitego katika misitu ya kusini mwa mji. Kila mmoja alimtania mwenzake kwa kabila. "Ninyi watu wa Kasai," Okito alikuwa anasema, "mukiona muti wenye majani munafikiri umepotea njia."

Mwaka ule mji ulikuwa umeshikwa na wanajeshi, na nje ya mji porini walikuwa wapiganaji wengine. Aliyetoka kwenda shambani alionekana jasusi wa hawa, aliyerudi alionekana jasusi wa wale. Treni zilikuwa zimekoma. Watu walikula majani ya viazi bila chumvi. Asubuhi moja wanajeshi walianza kukamata wanaume wa kubeba mizigo, na Kanyinda, aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha taa pale stesheni, alimwingiza Okito humo, wakajilaza chini ya turubai kati ya taa za zamani.

Mlango ulivunjwa. Kanyinda alikuwa karibu na mlango, basi akavutwa yeye kwanza. Walimpiga na kitako cha bunduki, na mfupa wa mtulinga ukakatika. Aliusikia kabla hajauhisi. Walitaka mtu wa kuwaonyesha njia za porini. Mkubwa wao alimwuliza mara moja tu, na alijibu mara moja tu.

"Mimi ni mutu wa Kasai, sijui pori. Mwenye kujua pori yuko nyuma, chini ya turubai."

Okito alitoka mwenyewe. Aliomba kwa mkono wangoje kidogo, akainama, akafunga kamba ya kiatu, akaenda nao.

Mtaa ulimkuta Kanyinda ameketi mlangoni, mkono umening'inia. Geneviève, mke wa Okito, alikuja mbio na tumbo lake la miezi sita. Kabla Kanyinda hajafungua kinywa, mama mmoja jirani alipaza sauti: "Walimuvunja sababu ya kumutetea Okito!" Na Geneviève akapiga magoti mbele yake akamshukuru.

Hakudanganya. Alinyamaza tu. Lakini kimya chake kilizunguka mji kimevaa nguo za ushujaa, na miezi mitatu baadaye kilirudi nyumbani kwake kikiwa mtoto: Geneviève alimleta amefungwa kwenye kikwembe, akasema, "Huyu njo Kanyinda."

Kulikuwa na jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Ilipojulikana kwamba huenda treni zingerudi, Kanyinda alitumwa kutangulia peke yake kukagua njia. Kwenye kilomita ya kumi na tisa, kando ya kalvati, alimkuta Okito, au kile ambacho mvua na wadudu walikuwa wamekibakiza. Alimtambua kwa viatu. Alimzika kwa mkono mmoja na nusu, akasimamisha juu yake taruma la chuma, akaomba maombi mafupi, akarudi mjini na kuandika katika ripoti kwamba kalvati ni nzima. Angewaambia vipi watu kwamba amemwona, bila wao kuuliza mengine?

Mtu aliyepotea haliliwi. Ndivyo watu wa Okito wanavyoshika: hamkai matanga kwa mtu ambaye hamjaona maiti yake wala kaburi lake, maana mnaweza kumfungia njia ya kurudi. Basi Geneviève hakunyoa nywele, hakuolewa tena, hakugawa nguo. Alingoja.

*

Kanyinda aliacha reli, akaenda Kampene kununua mawe ya bati kwa wachimbaji. Alifanikiwa. Hilo ndilo lililomshangaza: alidhani ataadhibiwa, na badala yake akapata viti vya ngozi, jenereta, na jokofu lililojaa bia. Kwa siku chache kila kitu kipya kilimtuliza, kama maji baridi juu ya jipu. Halafu alianza tena kutembeatembea ndani ya nyumba. Alihama Kampene akaenda Punia, akarudi Kampene, akajenga upande wa juu, akauza, akajenga upande wa chini. Alibadilisha nyumba kama mgonjwa anavyobadilisha ubavu.

"Nyumba haina kosa," mke wake Fidélie alimwambia alipomwona anapima msingi wa nyumba ya sita. "Ukihamia mbinguni utasema mabati yanavuja." Mwaka uliofuata Fidélie alichoka, akarudi kwa ndugu zake Kananga.

Kule Punia palikuwa na nabii mmoja, Archange, kijana mwenye viatu vyeupe katika mji wa matope. Alimweka Kanyinda mkono kichwani, akamwambia kukosa kwake utulivu kunatokana na shangazi wa upande wa baba aliyemfunga tangu tumboni. Walimpaka mafuta. Walimwamuru apige kelele, na alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alitoka mwepesi. Wepesi ule ulidumu siku tatu, na siku ya nne aliona haya, maana shangazi yake alikuwa mwanamke mpole aliyekufa kwa pumu, na sasa yeye alikuwa amemtwisha mtu wa pili kosa lake.

Aliyemkamata hakuwa nabii. Alikuwa Mbambu, mama kutoka Butembo, mwenye duka la chumvi, sabuni na vipuri vya baiskeli pale Kampene, shemasi wa kanisa dogo la mabati. Alikuwa mdogo kwa Kanyinda kwa miaka kumi, na alisema na Mungu kama anavyosema na wachukuzi wa mizigo, waziwazi. Jumapili moja Kanyinda alikwenda mbele mwaliko wa toba ulipotolewa, akalia, na kesho yake akaleta jenereta yake dukani kuitoa sadaka. Mbambu alikuwa anapima chumvi.

"Baba, hii nini?"

"Ya kanisa."

"Mungu alikuomba taa?"

"Nimetubu, Mama Mbambu. Nataka kushukuru."

"Umetubu. Vizuri. Ulimukosea nani?"

Kanyinda alitazama mifuko ya chumvi. Alikuwa hajaulizwa. Kwa miaka ishirini na mbili watu walimwuliza nani amemkosea yeye, nani amemfunga, nani anamwonea wivu. Akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kuacha, naye Mbambu akafunga nusu ya mlango wa duka. Alisikiliza mpaka mwisho, na kijiko cha chumvi mkononi.

"Na mke wa yule mutu anajua?"

"Hapana. Mimi nimemwambia Mungu."

"Mungu alikuwa chumba cha taa, baba. Si yeye umeficha." Akaweka kijiko chini. "Wewe unakimbilia kwake kama mutu anayekimbia mvua. Unasimama barazani, unangoja ikatike, unaenda zako. Ingia ndani basi. Lakini ndani unaingia na yote uliyobeba, huachi kitu mulangoni."

"Watanifukuza."

"Wanaweza."

"Kijana anabeba jina langu."

"Njo sababu nasema. Na jenereta yako uondoe, inanizuilia wateja."

Alirudi nayo nyumbani, amekasirika kiasi cha kutojibu salamu. Siku tatu baadaye simu ililia: "Majina, wewe njo utasimama pahali pa baba." Kanyinda alisema ndiyo, akakata, akaketi sakafuni kando ya viti vya ngozi. Alijaribu kuomba kama alivyozoea, kwa maneno marefu. Yalimwishia. Yaliyobaki yalikuwa machache: Mungu, sina pengine pa kwenda.

*

Geneviève alikuwa amehama kambi, akapata kiwanja Mikelenge, mahali penye mashamba ya mihogo kati ya nyumba. Kanyinda hakupajua, waliuliza mara nne. Mara mbili alimwambia dereva, "Tungepita kwanza sokoni," na mara ya pili dereva alimjibu, "Papa, unaogopa mahari ya mutu mwingine?"

Walisikia nyumba kabla hawajaiona. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake ndiyo siku ya posho, siku ya mahari, na wanawake walikuwa wanatwanga sombe, majani ya mihogo, kwa kupokezana michi. Viti vya plastiki vya kuazima vilikuwa vimepangwa uani. Kimoja cha mbao, chenye kitambaa cheupe, kilikuwa peke yake mbele.

"Majina!" Kijana alikimbia akamkumbatia, akamnyanyua kidogo. "Umekonda! Kampene hawali?"

"Wanakula. Wanakula mawe," akasema Youssouf, mdogo wake Okito, mzee mwenye kofia ya darizi, msemaji wa familia katika mambo ya mahari. "Karibu, mutu wetu wa Kasai. Kesho watakuuliza uko wa wapi, ujibu haraka, usianze kutafuta stesheni."

Geneviève alitoka jikoni akijifuta mikono. Nywele zake zilikuwa zimejaa mvi na zimesukwa vizuri. Alimshika Kanyinda mikono yote miwili, akampeleka kwenye kiti cha mbao. Msafiri naye alikaribishwa, akapewa kiti karibu na sufuria za wali. Ikaletwa sahani ya kwanza, kuku na wali, maana desturi ni kwamba majina mkubwa anaonja kabla ya mtu yeyote, halafu anampa mdogo tonge kwa mkono wake.

Sahani ilikuwa magotini pake. Kijana alikuwa amechuchumaa mbele, anangoja tonge, anacheka.

Njia rahisi ilikuwa wazi kabisa. Angekula, angesimama kesho, angerudi Kampene, na hakuna ambaye angekosa kitu. Alijiambia hivyo kwa sauti ya ndani yenye huruma nyingi, akaitambua: ndiyo sauti iliyomwambia siku ile kwamba mtu wa Kasai hajui pori.

Aliiweka sahani chini. Aliondoka kwenye kiti, akaketi udongoni.

"Ni magonjwa?" Geneviève akauliza. "Mumuletee maji."

"Si magonjwa. Mama Geneviève, siwezi kusimama pahali pa Okito. Mimi njo niliwaambia pahali alikuwa."

Michi miwili iliendelea kutwanga kidogo, halafu ikaacha.

Alisema yote. Hakusema alikuwa kijana, hakusema alikuwa na maumivu. Aliusema mfupa kwa sababu ulikuwa umevunjwa kabla hajamtaja Okito, si baada, na walihitaji kujua hilo. Alisema turubai. Alisema kamba ya kiatu. Alipofika kwenye kalvati, aliianza sentensi upya mara kadhaa mpaka ikaisha.

Youssouf alikuwa amevua kofia, anaikunja na kuikunjua. "Ulikula kwetu," akasema. "Idi ngapi ulikula kwetu? Ulikula na mukono uleule."

"Ndiyo, kaka."

"Usiniite kaka!"

"Wacha, Youssouf," Geneviève akasema. Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa anamtazama Kanyinda kama anayesoma maandishi madogo. "Kiatu gani?"

"Nini?"

"Alifunga kiatu gani?"

Kanyinda alifikiri. "Cha kushoto."

Geneviève akatikisa kichwa taratibu, akikubali. "Cha kushoto kilikuwa na kamba mubovu. Nilimwambia anunue ingine." Ndipo akaketi kwenye kinu kilicholazwa, na wanawake wakamzunguka, lakini hakulia. Aliweka kiganja juu ya mdomo wake na kukiacha hapo.

Kijana alikuwa bado amechuchumaa. "Na mimi," akasema, bila kumtazama mtu, "kesho watauliza jina langu. Nitajibu nini?"

"Utajibu jina lako," mama yake alisema nyuma ya kiganja. Halafu akakiondoa. "Jina nilitoa mimi. Hakulitoa yeye. Mimi nililitoa kwa moyo safi, na halitarudi."

"Mama, unisamehe," Kanyinda akasema.

"Hilo neno nitaliangalia nikishalia mume wangu. Sijamulia. Unasikia? Miaka yote hii nilikuwa nafunga mulango na kitambaa, si na kufuli, asije akakuta kumefungwa." Akasimama. "Kalvati hiyo iko mbali?"

"Kilomita kumi na tisa. Kufuata reli."

"Unionyeshe."

"Leo?"

"Nimengoja miaka ishirini na mbili, na wewe unaniuliza leo?"

Youssouf alisema reli imeota majani, kwamba jua limepanda, kwamba huyu mtu hawezi kuaminiwa hata hatua moja. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba lazima aende kuwajulisha wakwe kuwa kesho hakuna mahari, kuna matanga. Geneviève alikuwa ameingia ndani. Alitoka amevaa viatu vya shambani, kikwembe cheusi kifuani, jembe mkononi. Mwanawe alimpokea jembe.

Kanyinda aliinuka. Mtulinga ulikuwa unamuuma kama unavyomuuma siku za mvua, ingawa hapakuwa na mvua. Alitazama njia ya pikipiki waliyoijia, ikishuka mtoni, kwenye mitumbwi, Alunguli ng'ambo, Kampene, Punia, barabara zote alizozijua za kuondokea. Dereva alikuwa bado hapo. Neno moja lingetosha. Alihisi woga wake wote uko mahali pake, haujapungua hata chembe, ila haukuwa na pa kumpeleka tena.

"Na kama silioni kaburi?" akauliza. "Kama taruma wameling'oa watu wa vyuma chakavu?"

"Utatafuta," Geneviève akasema.

"Ndiyo."

"Utatafuta mpaka uone. Tangulia."

Akatangulia. Suti ilibaki kwenye kiti cha plastiki ndani ya mfuko wake. Walipita kati ya mihogo, yeye mbele, mama nyuma yake hatua tano, kijana na jembe nyuma ya mama, wakapanda tuta la reli. Pale juu Kanyinda alisimama kidogo, akatafuta taruma la kwanza kwa mguu chini ya majani, akalipata, akaelekea kusini. Uani mtu aliwaambia wanawake wali unaungua, na msafiri, aliyekuwa karibu zaidi, akaondoa sufuria motoni.